Vichuguu vya Kasanda

Kasanda hakuna anayejua kujumlisha. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu niliwafundisha mwenyewe, darasa la tatu hadi la saba, miaka ishirini na sita, na wakatoka kama walivyoingia. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Marselino, yule anayetembea na mhuri mfukoni utadhani ni rozari, alikaa darasani kwangu miaka miwili akijifunza kugawanya, akaondoka hajui kugawanya. Leo ndiye anayetugawia mashamba. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mimi ndiye Mwalimu Stefania. Nilipostaafu ningeweza kujenga mjini, Kizwite au Chanji, kama walimu wenzangu, nikae barazani nikihesabu bodaboda. Sikutaka. Nikajenga Kasanda, hatua arobaini kutoka kwenye chemchemi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati jekundu, kiinua mgongo chote kikaishia humo. Watu wakasema Mwalimu kachanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu yangu: mzee mwenye maji mlangoni hamwombi mtu. Mwanangu wa pekee, Vitus, ana duka la vifaa vya umeme huko Chanji. Mkewe, Asnath, ni binti mzuri, sina ugomvi naye, ila anatia sukari kwenye maharage. Na kila nikienda kuwatembelea ananifungulia chumba cha nyuma, kile kinachotazamana na choo cha jirani, ananiambia kwa sauti ya upole, Mama, hiki ni chako siku ukichoka. Niliapa kwamba sitachoka. Maadamu ile chemchemi inatoa maji, mimi ni mtu mwenye nyumba yake. Ikikauka, mimi ni wa chumba cha nyuma. Hiyo ndiyo habari yote, mengine ni maelezo.

Sasa, chemchemi ile ilishawahi kukauka, na walioikausha ni watu haohao. Maji yake yanatoka kwenye bonde la juu, eneo tambarare la majani na matete ambalo wataalamu wanaliita ardhioevu. Wakati nasoma mimi, ukikanyaga mle mguu unazama hadi gotini. Kisha watu wakaingia na majembe kulima ntumba. Asiyezijua nimweleze: ntumba ni matuta ya mviringo ya sisi Wafipa. Unalikata jani na udongo wake, unaligeuza juu chini, unalirundika, nyasi zinaozea ndani zenyewe, unapanda maharage juu. Mwaka wa pili unayasambaza na kupanda ulezi, na mbolea ya dukani huiulizi. Ni akili kubwa sana, iliachwa na watu waliojua kufikiri. Ila wenyewe walizilima mlimani. Hawa wa kwangu wakazishusha bondeni, na katikati ya kila ntumba na ntumba wakachimba kifereji ili maharage yasioze. Yale majani ndiyo yalikuwa yanashika maji kama godoro. Ukiligeuza godoro lote na kulitoboa vifereji, utalala juu ya nini? Chemchemi ikafa. Miaka mitatu tukateka maji mtoni, kilomita nne, na punda wa Marselino akaheshimika kuliko paroko.

Mwaka 2017 mradi ukaja. Vifereji vikazibwa kwa mawe na magunia ya mchanga, matete yakapandwa upya, nguzo nyeupe zikasimamishwa kuzunguka bonde, mita sitini, jembe lisivuke. Ikaundwa kamati, mimi nikawa katibu kwa sababu ndimi pekee niliyeweza kuandika muhtasari usio na aibu. Mzee Felisiani akaajiriwa mlinzi. Kazi yake ilikuwa kupita kila wiki na kurudishia mawe yaliyoporomoka. Mwaka 2019 chemchemi ikarudi. Nilikuwepo asubuhi ile, niliona tope likitetemeka, halafu jicho la maji likafunguka. Nililia, sioni haya kusema. Ndoo ya lita ishirini ilikuwa inajaa nikihesabu hadi ishirini. Mwezi uliofuata nikaanza kumwaga msingi wa nyumba.

Mngedhani watu wangejifunza. Thubutu. Wa kwanza kuvuka nguzo alikuwa jirani yangu Cornelia, yule anayepokea komunyo akiwa amefumba macho kama malaika wa kuchongwa. Akalima ntumba tano katikati ya matete. Akaziacha na nyasi juu, kwa mbali usizione. Wengine wakaona kwamba Cornelia haulizwi. Nao wakaingia, watano, kisha kumi, kisha kijiji. Felisiani mlinzi aliwaona wote. Akatafakari sana jinsi ya kuwazuia, na matokeo ya tafakari yake yakawa ntumba arobaini, zake mwenyewe, mahali pazuri kuliko pote. Hivyo ndivyo walivyo. Nyani haoni kundule.

Na mimi? Nitawaambia, msinisukume.

Mwaka 2021 mradi ukataka kujua kama bonde sasa linaweza kujitegemea watu wa mradi wakiondoka. Ndipo akaletwa Dokta Christopha Ndunguru. Kijana mwembamba, viatu vyeupe, kompyuta mgongoni, sauti ya chini kama ya mtu aliye kanisani. Akanisalimia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikamtazama vile viatu na nikamaliza kumpima hapohapo. Nilisema moyoni, huyu ni wa lami, jembe kaliona kwenye bendera ya chama. Jina lake nililisikia. Ndunguru. Nililisikia vizuri kabisa, nikaliandika kwenye muhtasari, na sikulifikiria hata kidogo. Kumbukeni hilo.

Akatueleza kazi yake. Alisema ataliigiza bonde ndani ya kompyuta: mvua yake, majani yake, maji yanayoingia na yanayotoka, mashamba na ng'ombe, halafu ataipeleka miaka mbele haraka-haraka, aone bonde litakuwaje mwaka 2030, mwaka 2050. Aliita simulesheni. Marselino akatikisa kichwa kwa ufahamu mkubwa, na nilipomtazama usoni nikajua haelewi hata chembe. Lakini, akasema Dokta, kompyuta haijui Kasanda, wanaoijua Kasanda ni ninyi. Kwa hiyo kila kinachoingia mle lazima kitoke kwa wananchi, na majibu yakishatoka wananchi ndio watakaoyathibitisha. Bila ninyi, alisema, mimi nina karatasi tu. Watu wakapiga makofi. Wananchi wa Kasanda wanapenda sana kuambiwa kwamba wanajua.

Mkutano ulikuwa darasani kwangu, darasa la sita, lilelile. Akachora bonde sakafuni kwa chokaa, kubwa, na nguzo na chemchemi na kanisa. Akampa kila mkuu wa kaya punje za mahindi, aziweke mahali anapolima. Laiti mngeona. Watu wazima wakapiga magoti wakizunguka ile chokaa kama kuna nyoka ndani, na hakuna punje hata moja iliyovuka mstari. Felisiani akaweka zake nyuma ya mlima. Cornelia, kwa kuchanganyikiwa, akaweka yake juu ya kanisa. Wale wazee ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu niliwatafsiria mimi kwa Kifipa, na uongo wao niliutafsiri kwa ufasaha, neno kwa neno.

Dokta aliandika yote. Halafu akawasha projekta, akatuonyesha picha iliyopigwa na droni wiki iliyotangulia. Bonde letu lote ukutani, kijani, na ndani ya kijani viduara. Vidogo, vya mviringo, vingi. Kompyuta ilikuwa imevihesabu: elfu moja mia nne na kumi na viwili. Akauliza kwa ile sauti yake ya kanisani hivi ni nini.

Darasa likanyamaza. Nawajua hawa watu wakinyamaza, wanaanza kutazama viatu vyao, na baada ya viatu wananitazama mimi. Marselino akakohoa, akasema Mwalimu atafafanua. Miaka ishirini na sita nilikuwa nawauliza maswali wakatazama chini, na siku ya kuulizwa na mgeni wakanisukuma mimi mbele.

Sasa nitawaambia. Katika vile viduara, kumi na tisa vilikuwa vyangu. Nyuma ya matete ya upande wa mashariki, maharage ya njano. Nililima msimu uliotangulia, nilipoona kila mtu anakula na katibu wa kamati ananunua maharage kwa Cornelia, maharage ya bonde nililoandika mwenyewe kwenye daftari kwamba halilimwi. Nikasema, ntumba kumi na tisa hazikaushi chemchemi. Na ni kweli, hesabu yangu ilikuwa sahihi: kumi na tisa hazikaushi. Sikuendelea kujumlisha.

Kwa hiyo nikasimama. Nusu ilikuwa maharage, nusu ilikuwa dharau. Nilimtazama yule kijana na viatu vyake, nikataka kuona ujinga wake unafika wapi. Nilikuwa na tabia hiyo darasani, kumtegea mtoto swali la kijinga nione kama amelala.

Nikasema, "Vichuguu."

Mchwa. Kwenye maji. Mtoto wa darasa la tatu angeanguka kwa kicheko, kwa maana mchwa wanajenga pakavu, na ukitaka kuwaua unawamwagia maji. Dokta akashika kalamu. Akauliza, vichuguu, Mwalimu? Nikasema vichuguu. Akauliza, hata pale penye maji? Nikamjibu kwamba mchwa wa Ufipa ni wavumilivu, wamezoea baridi na wamezoea maji. Darasa zima likafa kwa kicheko. Akageuka kwa watu, akauliza mara ya tatu kama wote wanakubali ni vichuguu. Wote wakaitikia ndiyo, kwa sauti moja, sauti ambayo sikuwahi kuipata kwenye jedwali la saba. Akainama, akaandika.

Nilikwenda nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima. Dokta! Nilisema kama huyu ndiye aliyesoma, basi waliotufungulia shule walikosea. Njiani watu wakanipungia mkono. Felisiani alinitumia kibuyu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nimcharaze viboko mwanawe. Jioni nikateka maji, na kwa mazoea nikahesabu. Ndoo ilijaa nikiwa nimefika ishirini na sita. Nikasema ni kiangazi.

Baada ya miezi mitatu Dokta akarudi na majibu. Darasa lilelile, na safari hii kulikuwa na harufu ya wali na nyama kutoka uani, kwa hiyo hata waliokuwa wagonjwa walihudhuria. Akatuambia kila punje tuliyoweka na kila jibu tulilotoa limo ndani ya simulesheni. Akabonyeza. Bonde likatokea ukutani, rangi ya bluu ikiwa ni maji, na miaka ikaanza kukimbia kwenye kona. 2025, bluu. 2030, bluu zaidi. Alieleza kwamba penye kichuguu maana yake jembe halijagusa, majani yapo, maji yanatulia, na kwa kuwa vichuguu ni elfu moja na zaidi, kompyuta inaona ardhi iliyopona. Ikafika 2050 bonde likiwa bluu kama sketi za shule. Chini kulikuwa na nukta moja nyekundu, ile ndiyo chemchemi, inawaka vizuri.

Maana yake, akasema, bonde linajitegemea. Mradi utafungwa mwezi wa sita. Mlinzi hatahitajika, mawe na magunia yatakuwa juu ya kijiji, kamati itavunjwa kwa shukrani. Makofi yalipigwa hadi vumbi likaanguka kutoka darini. Mimi pia nilipiga, lakini mikono yangu ilikuwa mizito, kwa sababu tayari nilikuwa nawaza nani atarudishia mawe. Marselino? Marselino hajarudishia hata chaki aliyoniibia mwaka wa tisini na nne.

Ndipo Dokta akainua mkono. Alisema kabla hatujathibitisha angependa kutuonyesha kitu kimoja kidogo. Tuseme, alisema, kwa mfano tu, wananchi walikosea. Tuseme hivi viduara si vichuguu. Tuseme ni mahali palipogeuzwa na jembe. Akabadilisha mstari mmoja, akabonyeza tena.

Bluu ikaanza kurudi nyuma kutoka kwenye kingo. Mwaka wa kwanza ilipasuka vipande. Wa pili ikabaki mistari. Mwaka wa nne ile nukta nyekundu ikazimika. Haikufifia, ilizimika tu, na miaka ikaendelea kukimbia bila yenyewe. Ile nukta ilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu.

Dokta hakutazama ukuta. Alikuwa ananitazama mimi. Nikamwona, na nikasema moyoni, loo, mpumbavu huyu kagonga ukweli kwa bahati kama kuku kipofu, na hata hajui kama kaugonga.

Akauliza nani anataka tubadilishe jibu. Hakuna mkono ulioinuka. Akauliza nani anathibitisha kwamba ni vichuguu. Cornelia akanyoosha mkono wa kwanza, macho yamefumba. Felisiani akanyoosha, yeye ambaye kwa mkono huohuo alikuwa anapigia kura kufukuzwa kazi yake mwenyewe, ila ntumba arobaini zinalipa kuliko ulinzi. Wakanyoosha wote. Hebu fikirini, jambo la mchwa na maji linaamuliwa kwa kunyoosha mikono. Nikawadharau mmoja baada ya mwingine, safu kwa safu, kama ninavyoita mahudhurio. Nilipomaliza nikaona kuna mkono mmoja karibu sana na sikio langu, nikautazama, ulikuwa wangu.

Watu wakatoka kuelekea kwenye masufuria na kurudi na sahani zao. Dokta hakula. Alichukua mfuko wake akaenda kwenye gari. Nikabaki nimekaa kwenye dawati la mbele, nikahesabu. Miaka minne. Nina miaka sitini na mmoja. Nikiwa na sitini na mitano nitakuwa chumba cha nyuma. Nikainuka, nikamfuata nje, karibu kukimbia, na miguu yangu si ya kukimbia.

Nilimkuta anafuta viatu vyake kwa jani. Nikamwambia bila salamu, "Dokta, zile ni ntumba. Kumi na tisa ni zangu."

"Najua, Mwalimu."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia. Akaacha kufuta kiatu, akasimama wima, akanitazama kwa heshima ileile ya shikamoo, na ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Mimi ni Mmatengo," alisema. "Kwetu Mbinga tunafukia nyasi kwenye ngoro, mashimo yetu ya mlimani, tangu enzi za mababu. Mama yangu amelea watoto saba kwa nyasi zilizogeuzwa. Nilizijua siku ya kwanza, kabla droni haijatua."

Ndunguru! Jina la Mbinga kama vile la kwetu ni la Ufipa. Nimefundisha na akina Ndunguru wawili. Nimekula nao. Kama ningelitoa jicho kwenye viatu vyake dakika moja nikalisikiliza jina lake, ningejua nasimama mbele ya mtoto wa mkulima, tena mkulima wa nyasi kama mimi. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini basi hakusema, kwa nini akaandika upuuzi.

Hakunijibu kwa hasira. Alisema yeye akisema ni ntumba, kijiji kitalalamika kwamba mgeni amewasingizia, watapigwa faini watu wanne wasio na ndugu kwenye kamati, na ntumba zitabaki palepale. Ameyaona hayo sehemu nyingine. Lakini mmoja wetu akisema mwenyewe mbele ya wenzake, hapo yeye anafuta, anaanza upya, mradi unabaki miaka mingine mitatu na watu wanaketi kugawana wapi palimwe na wapi paachwe. Ndiyo maana aliuliza mara tatu. Ndiyo maana alituonyesha ile ya pili, ambayo haikuwa kwenye ratiba.

"Nilikuwa nakusubiri wewe," alisema. "Nilijua kwamba wewe unajua mchwa hawaishi kwenye maji. Bado wako mle ndani wanakula. Nenda ukaseme. Nina nusu saa, nitakaa hapa."

Nikarudi. Kutoka kwenye gari hadi mlangoni ni hatua kama sitini, na kila hatua nilikuwa nimeamua. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Ningeanza na langu, kumi na tisa, ili wasiseme nawachongea. Ningesema jamani, ile nukta ni maji tunayokunywa sote.

Nikaingia. Darasa zima lilikuwa limeshiba nusu na linacheka. Marselino aliponiona alisimama, yeye, mwenyekiti, akanisogezea kiti chake. Cornelia akaniletea sahani iliyofunikwa, wali umejaa na juu yake kipande cha nyama ambacho kwa kawaida huwa ni cha paroko. Felisiani akapaza sauti kutoka nyuma, mchwa wavumilivu huyoo, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu, wakanipigia makofi. Hawakuwa wakinicheka. Walikuwa wanacheka nami. Miaka ishirini na sita nimewafundisha wale watu, na hiyo ilikuwa siku ya kwanza kunipenda.

Na mimi, niliyewaona wajinga tangu wakiwa na kamasi, nikagundua kwamba nilikuwa naitaka hiyo. Ningesema sasa, wangeacha kutafuna. Wangenitazama kama nilivyokuwa nawatazama wao: kumbe Mwalimu naye mwizi, kumbe Mwalimu naye mwongo, na sasa anatubu kwa niaba yetu. Cornelia angefumbua macho.

Nikabaki nimesimama na sahani mkononi. Nikasema, "Jamani."

Wakanyamaza wote. Hawajawahi kuninyamazia hivyo, hata siku za mtihani. Kupitia dirishani nilimwona Dokta ameegemea gari, hatazami saa.

Nikasema, "Chumvi iko wapi?"

Wakanipa chumvi. Nikakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, nikala. Nyama ilikuwa laini. Baadaye nikasikia gari likiwashwa, likageuza kwenye uwanja wa mpira, likaondoka, na hakuna mwingine aliyeinua kichwa.

Mradi ulifungwa mwezi wa sita, kwa hotuba. Mawe ya kwanza yaliporomoka mvua za mwaka huo, na kila mtu alipita akayaona na kusema kijiji kiyarudishie, kana kwamba kijiji ni mtu mwingine anayeishi ng'ambo. Mimi nilizivunja ntumba zangu kumi na tisa. Nilizivunja peke yangu, mchana, kila mtu aone. Wakaona. Msimu uliofuata Felisiani akalima kumi na tisa palepale, akanishukuru kwa kumsafishia.

Ndoo ikaanza kujaa nikihesabu hamsini. Mwaka wa pili, mia na tisini. Mwaka wa tatu nilikuwa naacha ndoo na kwenda kuchambua ulezi, nikirudi naikuta nusu, na kuhesabu nikaacha. Oktoba 2024 jicho la maji likafunga. Mashine ilisema miaka minne. Sisi tulimaliza kazi kwa mitatu.

Vitus alikuja na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, tukapakia kitanda na masanduku. Nyumba imefungwa kufuli. Nasikia Cornelia anaanika maharage kwenye baraza yangu, kwa kuwa sakafu ni nzuri na haina vumbi.

Ninaishi Chanji sasa, chumba cha nyuma. Bomba la uani linatoa maji muda wote na Asnath hajawahi kuninyima kitu. Juzi alitoka sokoni na maharage ya njano, makubwa, akasema yanatoka Kasanda, wameleta gunia kwa gunia, mwaka huu yamekubali sana. Akayapika. Akatia sukari yake. Akaketi mbele yangu na sahani, akaniuliza kwa upole, Mama, chumvi inatosha?

Nikamwambia inatosha. Nikala.